Gauni la Zumari

Jioni fundi alipolitundika lile gauni kwenye msumari wa karakana yake lilikuwa jepesi, satini tupu na bitana. Asubuhi alipolishusha ili amalizie pindo, mkono ulimshuka nalo mpaka karibu na sakafu, kama nguo iliyotoka kwenye ndoo ya maji. Akalipapasa. Lilikuwa kavu kabisa. Akaligeuza ndani nje, akalikung'uta, akalitazama dhidi ya mwanga wa dirisha. Hakukuwa na kitu ndani yake ila mishono aliyoishona mwenyewe. Akajiambia ni mikono tu imechoka, maana wiki nzima alikuwa hajainua kichwa kutoka kwenye cherehani, akaketi, akaendelea na pindo.

Mtaa mzima ulikuwa kwenye pilika za onyesho. Ukumbi wa zamani wa dansi, uliokuwa umefungwa tangu fundi hajazaliwa, ulikuwa umeezekwa upya kwa nguvu za wakazi wenyewe, na wakakubaliana kuufungua kwa onyesho la muziki litakalorudisha zama zile: nyimbo zilezile, mitindo ileile ya nywele, hata taa za rangi zilezile zilizokutwa kwenye masanduku nyuma ya jukwaa. Aliyesimamia kila kitu ni Mwalimu, mwalimu mstaafu wa muziki, mtu wa vichekesho vingi na subira ndogo. Fundi alipewa kazi ya mavazi. Na binti wa pekee aliyemzaa, ambaye watu walimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa haishi kuimba tangu utotoni, alichaguliwa awe Zumari.

Zumari ndiye aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya ukumbi ule enzi hizo. Picha yake ilikuwa bado ukutani, karibu na mlango: mwanamke mwembamba amesimama mbele ya maikrofoni, amefumba macho, amevaa gauni la kijani lililombana kuanzia shingoni hadi magotini na kufunguka chini kama ua. Mwalimu alitaka gauni lile lile, hataki la kufanana. Basi fundi aliichukua ile picha akaenda nayo nyumbani, akaichunguza mpaka macho yakamuuma, akakata kitambaa. Kwa kweli alijivunia kazi hiyo. Hakuwahi kuona mkato wa namna ile, na bado mkasi ulikwenda wenyewe, kama mtu anayeijua njia.

Chiriku alipolijaribu, lilimbana kiunoni. Fundi alishangaa, kwa sababu vipimo vya mwanawe alivijua kama anavyolijua jina lake. Akafumua, akaongeza. Kesho yake likambana tena, zaidi ya jana. Akalipima gauni lenyewe juu ya meza, akakuta kiuno kimerudi pale pale kilipokuwa kabla hajaongeza. Akadhani labda satini ile ni mbovu, inanywea. Alipotaka kulifumua mara nyingine, Chiriku alimshika mkono, akamwambia aliache tu, mwili wake ndio utakaolifuata gauni.

Alisema hivyo akicheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alianza kusukuma sahani mezani akidai ameshiba. Mashavu yakabonyea, mifupa ya mabega ikajitokeza. Fundi alimsihi, akamgombeza, akampikia kila alichokipenda tangu mdogo, na binti akawa anakishika chakula, anakinusa, anakiacha, huku macho yamegeukia mlango wa karakana. Haukupita muda mrefu gauni likamwingia bila hata kuvuta zipu kwa nguvu. Likamkaa barabara. Fundi alipomtazama amesimama nalo mbele ya kioo hakufurahi kama fundi anavyofurahi kazi ikikubali.

Siku ya mazoezi ya pamoja, alasiri, fundi alikuwa ameketi ukumbini kwenye kiti cha nyuma akishona vifungo vya waitikiaji. Sakafu ya ukumbi ule ni ya mbao, kila hatua inasikika. Mwalimu alisimamisha wimbo, akawauliza kina mama wa kuitikia ni nani anayecheza wakati bado hawajafika kwenye kucheza. Wakamwambia hakuna. Wakaanza tena, na visigino vikasikika tena, ko, ko, ko, kwa mdundo mzuri, vikizunguka katikati ya sakafu. Mwalimu akasema panya wa ukumbi huu wana maendeleo, wamenunua viatu. Watu wakacheka. Kisha kicheko kikaisha, visigino vikaendelea.

Hakuna aliyesogea. Vile visigino viliizunguka sakafu polepole mahali ambapo kila mtu alikuwa akipaona na hakuna aliyekuwapo, vikapita karibu na fundi kiasi cha kumwachia harufu puani, harufu ya maua yaliyokaa kwenye chombo mpaka maji yakaoza, vikapanda ngazi za jukwaa moja baada ya nyingine, vikaenda kusimama nyuma ya Chiriku. Hapo vikanyamaza. Na Chiriku, aliyekuwa amevaa gauni ili alizoee, akafumba macho akaimba.

Sauti haikuwa yake. Sauti ya Chiriku ilikuwa nyembamba na angavu. Hii ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, sauti ya mwanamke aliyekwisha kuona mengi. Ikaimba ubeti ambao haukuwamo kwenye wimbo waliofundishwa, ubeti wa mtu aliyeachwa nje ya mlango anayeomba afunguliwe kwa kuwa nje kuna baridi. Ulikuwa mzuri mno. Mmoja wa kina mama alianza kulia bila kujua analia.

Mzee Tarumbeta ndiye pekee aliyekuwa hai katika bendi ile ya zamani, na kwa heshima hiyo alikuwa amepewa kiti mbele ya wapigaji vijana. Aliposikia ubeti ule aliishusha tarumbeta mdomoni, akaiweka kwenye boksi lake, akashuka jukwaani bila kumuaga mtu.

Fundi alimfuata mpaka kwake. Akamkuta uani ameinamia magoti yake. Mzee alikataa kusema, akasema yeye ni mtu mzima, ana presha, aachwe. Fundi hakumwacha. Alimwambia kwamba hana mtoto mwingine duniani ila yule, na kwamba anamyeyukia mikononi. Ndipo mzee akamsimulia.

Ubeti ule, alisema, Zumari aliuimba mara moja tu, siku aliyokufa, na hakuna aliyeusikia kabla ya hapo wala baadaye. Kulikuwa na mwanamke mmoja mrembo aliyekuwa akija kwenye kila dansi, ambaye hakuna aliyejua anatoka wapi wala anarudi wapi. Ndiye aliyempa Zumari zawadi ya gauni la kijani, lile lile alilokuwa akilivaa yeye. Tangu siku hiyo Zumari akaanza kukonda, na gauni akawa halivui, analala nalo. Siku ya mwisho wimbo uliisha lakini yeye hakunyamaza. Wapigaji wakaweka vyombo chini mmoja mmoja, na muziki ukaendelea bila wao. Alipoanguka walikimbilia kumwinua, wakamkuta uchi kama alivyozaliwa. Gauni halikuonekana. Wazee wakaufunga ukumbi na kukubaliana wasilizungumze jambo lile.

"Yule mwanamke niliwahi kucheza naye," mzee alisema, na sauti yake ikashuka mpaka fundi akalazimika kusogea. "Mara moja. Nilimshika mgongoni kama tulivyokuwa tunashika. Mgongo haukuwapo, mwanangu. Nilishika nguo tu. Ndani yake upepo."

Fundi akamuuliza maana yake nini.

"Yule si kiumbe mwenye mwili. Gauni ndio mwili wake. Lile la kwanza lazima lilimwozea, akabaki hana pa kukaa. Sasa tumempigia nyimbo zake, tumemwashia taa zake." Mzee akamtazama kwa huruma. "Na wewe umemshonea nyumba."

Fundi hakujua alivyofika nyumbani. Jua lilikuwa linazama na karakana ilikuwa na kigiza. Chiriku alikuwa ameketi kwenye kiti cha cherehani, gauni mwilini, mikono mapajani, akitazama kioo. Harufu ya maua yaliyooza ilijaa chumba kizima. Fundi alikwenda moja kwa moja nyuma yake akaitafuta zipu aliyoiweka kwa mkono wake mwenyewe, akapapasa kutoka shingoni hadi kiunoni, akarudia, akapapasa tena, na chini ya vidole vyake hakukuta zipu wala upenyo wa kupitisha ukucha, ila satini iliyofungamana kama ngozi, yenye joto, inayopanda na kushuka kwa pumzi ambazo hazikwenda sawa na pumzi za binti.

"Usinivue," ile sauti nzito ilisema kwa upole. "Nimesubiri sana nje."

Kisha, kwa muda mfupi tu, kama mtu anayeibuka kutoka majini, mwanawe mwenyewe akasema, "Mama, baridi."

Fundi alikwenda kwa mkunga. Huyo alikuwa mwanamke mzee aliyeacha kazi ya hospitali zamani, ambaye alikuwa amemzalisha fundi huyuhuyu, na watu walijua ingawa hawakusema wazi kwamba akiitwa kwa mambo mengine pia huenda. Alimsikiliza fundi mpaka mwisho bila kushangaa. Akasema kazi hii haina tofauti na ile aliyoizoea: ni viumbe wawili mahali pamoja, watenganishwe, na wa kwako abaki hai. Lakini akamwonya. Moto hautafaa, kwa kuwa utawachukua wote wawili. Mkasi hautafaa, kwa kuwa sasa hivi hakuna anayeweza kujua nguo inaishia wapi na ngozi inaanzia wapi. Njia ni kufumua mshono kwa mshono, na mkono wa kufumua ni ule ule uliofunga. Tena ifanyike wakati jini anaimba mbele ya watu. Wakati mwingine wote amemshika binti kwa mikono miwili, ila akiimba akapigiwa makofi hujisahau, akalegeza.

"Atajua unachofanya kabla hujamaliza," mkunga alisema. "Atasema nawe kwa mdomo wa mwanao. Atalia kwa sauti ya mwanao. Usimjibu na usisimame. Ukisimama katikati hutapata nafasi nyingine."

Kwa hiyo onyesho halikuahirishwa, ingawa nusu ya waitikiaji walitaka liahirishwe. Mwalimu aliambiwa kwamba zipu imekatika na fundi atakaa nyuma ya pazia kulishikilia gauni, naye akakubali shingo upande, akinung'unika kuhusu mafundi na zipu zao. Siku ilipofika, Mzee Tarumbeta, ambaye hakuna aliyemtarajia, alikuja amevaa suti, akaketi kwenye kiti chake. Alimnong'oneza fundi kwamba atapuliza mpaka aone gauni limeanguka, hata kama mapafu yatatoka.

Ukumbi ulijaa mchana ule mpaka watoto wakapakatwa. Taa za rangi zikawashwa. Watu wa makamo walipigana viwiko na kuonyeshana mitindo ya nywele waliyoikumbuka kwa mama zao. Nyimbo za mwanzo zilipita salama, wakacheka, wakaimba pamoja. Kisha Chiriku akatoka kuimba wimbo wa Zumari, akasimama mbele ya pazia la nyuma kama walivyopanga, na ukumbi wote ukashusha pumzi, kwa kuwa aliyesimama pale alikuwa ni ile picha ya mlangoni.

Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya pazia, wembe mkononi, mkunga pembeni yake. Kupitia upenyo wa pazia aliliona pindo. Alisubiri sauti ile nzito ianze, watu washangilie, kisha akauingiza wembe kwenye mshono wa mgongo kuanzia chini, akakata uzi wa kwanza.

Uzi ulikuwa wa moto. Akakata wa pili, na wa tatu, akapanda, vidole vyake vikifuata njia ambayo vilipita vikishona, na kadiri alivyopanda ndivyo uzi ulivyozidi kukaza, ukawa unajivuta nyuma kama mnyoo unaotaka kurudi shimoni, naye akiukamata kwa kucha na kuukata, huku jasho jembamba likimwingia machoni na juu yake wimbo ukiendelea, mzuri, mzuri kiasi kwamba kuna mahali alijikuta wembe umesimama hewani na yeye anasikiliza, mpaka mkunga akamfinya mkono. Alipofika nyongani sauti iliyumba. Ikaendelea kuimba kwa watu, lakini chini ya wimbo, kwa namna ambayo yeye peke yake aliisikia, mwanawe akaanza kunong'ona, mama, mama unanikata, mama hiyo si nguo, tazama, ni mgongo wangu, na fundi akatazama, akaona chini ya wembe ngozi ya mwanawe inafunguka na damu inatiririka kwenye vidole vyake, damu yenye joto na harufu ya damu, na machozi yakamtoka kama mvua, akakata. Nifanye nini tena, mama, nimekukosea nini, mama naomba, na akakata. Kumbukumbu zote zikamjia kwa mpigo, mtoto akiwa na homa, mtoto akijikwaa uani na kuinua mikono, mara zote alizoitwa kwa jina hilo na kuitika, na sasa alikuwa akiitwa kwa sauti ile ile, ikilia kama hajawahi kuisikia ikilia, na yeye ameuma midomo mpaka ikachanika ili asiitike, akipanda na wembe kati ya mabega, mpaka shingoni, mpaka uzi wa mwisho kabisa, ambapo sauti iliacha kulia ikasema taratibu, "Basi. Nitakumbuka kwamba hukusimama." Naye akaukata.

Mkunga alipitisha mikono kwenye pazia akamvuta Chiriku nyuma, uchi, baridi kama samaki, akamviringisha kwenye shuka. Hapakuwa na damu popote. Mgongo ulikuwa mzima.

Mbele ya pazia gauni lilibaki limesimama. Halikuwa na mtu ndani, limefunguka mgongoni, na bado lilikuwa limejaa, limenyooka mbele ya maikrofoni, na wapigaji vijana mmoja baada ya mwingine wakaacha vyombo vyao wakiwa wamekodoa macho. Mzee Tarumbeta pekee ndiye aliyeendelea kupuliza. Gauni lilimaliza mstari wa mwisho wa wimbo. Kisha likainama mbele kama anavyoinama mwimbaji, likaanguka chini kitambaa kitupu.

Halafu ukumbi ukalipuka kwa makofi. Watu walisimama juu ya viti. Hawakuwahi kuona kiinimacho cha jukwaani cha ufundi ule, na mpaka leo wapo wanaobishana juu ya nyuzi zilivyofichwa. Mwalimu mwenyewe, alipopata nguvu ya kuongea, alimuuliza fundi kando ni nini alichokiona, na alipotazama uso wake akasema basi, hataki kujua.

Mkunga aliyaokota mabaki ya gauni kwa koleo, akayatia kwenye chungu, akakifunika, akaondoka nacho peke yake. Ukumbi uliendelea kutumika kwa harusi na mikutano. Hakuna aliyesikia tena visigino. Mzee Tarumbeta hakupuliza tena, lakini alionekana mtu anayelala vizuri usiku.

Chiriku alirudi kula. Mashavu yakajaa, sauti yake nyembamba ikarudi, akawa anaimba asubuhi akipiga mswaki. Kwa kila mtu alikuwa Chiriku wao wa zamani. Kwa mama yake hakuwa. Alikuwa hakumbuki gauni, wala Zumari, wala kukonda. Alichokikumbuka ni kitu kimoja tu: kwamba alisimama mbele ya watu mama yake akimpasua mgongo kwa wembe, kwamba alimsihi, na kwamba mama hakusimama. Fundi alimweleza yote tangu mwanzo. Binti alisikiliza, akasema anaelewa, na tangu siku hiyo akawa anapishana na mama yake mlangoni kwa kujibana ukutani wasigusane. Baadaye alihamia kwa mama yake mdogo. Kila alipokuja kusalimia alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akaondoka kabla chai haijapoa. Fundi hakumlaumu. Usiku alilala huku ameikumbatia mikono yake mwenyewe, kama mtu aliyefanya nayo kosa.

Mwaka uliisha, mwingine ukaingia katikati. Chiriku akapata kazi ya kupokea wagonjwa kwenye zahanati, na kazi hiyo ilihitaji blauzi nyeupe zenye kola. Akaja mwenyewe karakanani na kitambaa. Alisimama kidogo mlangoni, kisha akaingia, akampa mama yake mgongo, akasema kwa sauti ya chini, "Nishonee wewe, mama. Wengine hawanipatii mabegani."

Fundi alishona blauzi ile kwa uangalifu kuliko nguo yoyote maishani mwake. Siku ya kuijaribu aliiweka mikono juu ya mabega ya mwanawe, na mwanawe hakujikunyata. Alilegea, kisha akaegemea nyuma kidogo, kama alivyokuwa akifanya zamani akisukwa. Fundi alishukuru moyoni. Akazikusanya nywele za binti na kuziinua ili aifunge kola, iliyokuwa na vifungo kwa nyuma.

Kutoka chini ya nywele, katikati ya shingo, kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya ngozi, ukishuka kwenda mgongoni. Haukuwa kovu. Ulikuwa mshono, mdogo na sawia kupita uwezo wa mkono wowote anaoujua. Juu kabisa, ulipoishia, ncha ya uzi wa kijani ilikuwa imechomoza, fupi kama unywele wa kope, na ilitikisika kwa pumzi ambazo hazikwenda sawa na za mwanawe.

"Vipi, mama?" Chiriku aliuliza. "Imekataa?"

Fundi aliutazama ule uzi. Alilihisi joto la mwanawe kifuani pake, joto alilolikosa muda wote ule, na uzito wa nywele zake mkononi. Wembe ulikuwa mezani, karibu.

"Imekaa vizuri, mwanangu," alisema, na akafunga kola mpaka kifungo cha juu.